Herufi za Mwalimu Ngendo

Watu wa Majengo husema nina hasira za karibu, na ni kweli, sikatai. Lakini haya ya Mwalimu Ngendo yangemkasirisha hata mtu aliyelala. Nimekaa nayo tangu mwaka wa tisini na sita, na kila nikipita Ruiru nikiona ule ukumbi wa kanisa wenye paa la kijani, damu inanichemka upya. Basi wacha niyatoe.

Naitwa Tausi Ali. Nilikuwa karani wa kupiga chapa katika chuo kimoja cha diploma hapa Thika, upande wa viwandani. Jina la chuo nitaliacha kwa sababu bado kipo, na mimi nakaa mji huu huu. Ofisi yangu ilikuwa katikati ya ofisi ya mkuu wa chuo na chumba cha walimu, na mlango wake haukufunga vizuri. Karani wa chapa huona kila kitu. Barua ya kumfukuza mtu naiona kabla yake, na nikikutana naye kwa chai namsalimu kama kawaida.

Ngendo Chege alifundisha Siasa na Serikali. Alikuwa mwanamke mfupi, sauti yake ndogo, viatu vyake vimepigwa rangi kila asubuhi ingawa alitoka Mwihoko, na matope ya Mwihoko unayajua. Huko alikodi vyumba viwili, yeye na binti yake Wangeci aliyekuwa kidato cha pili. Ofisini nilimwita Mwalimu, nje nikamwita Mama Wangeci. Alikuwa mwalimu wa mkataba, mwaka mmoja mmoja, na mkataba huo alikuwa ameutia sahihi mara tisa.

Kufundisha, jamani, alijua. Nchi ilipoingia vyama vingi, walimu wengi walibaki na madaftari yao ya chama kimoja. Walikata mstari hapa, wakaandika neno pale, basi. Ngendo aliyatupa ya kwake. Akawachukua wanafunzi akawapeleka soko la mboga, kina mama walipokuwa wakichagua kamati yao. Kina mama wale walikuwa bado wanachagua kwa mlolongo, unasimama nyuma ya mtu wako mchana kweupe na kila mtu anakuona. Wanafunzi wakawashawishi wajaribu kura ya siri, kwa mkebe wa mafuta ya kupikia uliotobolewa kifuniko. Mama mmoja muuza kabeji akashindwa. Akakataa matokeo, akahamisha kabeji zake nje ya geti na nusu ya soko ikamfuata. Wiki tatu Ngendo na wanafunzi wake walikuwa wanaenda kuwasikiliza hawa na wale, mpaka mkebe ukafunguliwa tena mbele ya wote, kura zikahesabiwa upya, na yule mama akarudisha kabeji zake mwenyewe. Mtihani ulipokuja, darasa lile halikuangusha hata mtu mmoja. Mimi ndiye niliyepiga chapa matokeo, kwa hivyo usinibishie.

Sasa njoo kwa Bwana Munyao, mkuu wa idara. Munyao alisomea Jiografia, na Jiografia aliijua, sitamnyima. Lakini ukimwuliza habari za bunge atakuanzia na Mto Chania. Somo la Siasa lilikuwa chini ya idara yake, na barua zote za semina za kuwanoa walimu zilikuja kwa mkuu wa idara zikimwomba ateue mwalimu mmoja. Yeye alifungua barua, akaisoma, akaangalia dari kidogo, halafu akajiteua. Miaka saba hivyo. Leo Nakuru, kesho Machakos, wiki nzima. Alirudi na mkoba mpya wa turubai na cheti, na vyeti akavitundika ukutani ndani ya vioo.

Desturi ilikuwa hivi: ukitoka semina unaandika ripoti, unaisoma mbele ya walimu wenzako, na nakala inarudi kwa waandalizi Nairobi. Hapo ndipo Munyao alipomkumbuka Ngendo. Kila Jumatatu ya kurudi alimbebea lile bunda la karatasi za semina akamwambia amchambulie kidogo, ati yeye ndiye mwenye lugha. Ngendo alizipeleka Mwihoko, akazinakili zote kwa mkono kwenye daftari lake, halafu akaandika ripoti ya mtu aliyehudhuria semina ambayo hakuhudhuria. Munyao aliniletea ile ripoti mwenyewe, nami nikaipiga chapa.

Siku moja uvumilivu ulinishinda nikamwuliza kwa nini anakubali. Hakukasirika. Alisema, "Tausi, hizo karatasi ningezionea wapi?"

Ndiyo semina yake ilikuwa hiyo, karatasi za mwenzake. Na akaongeza methali, ati mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikamwambia wewe umeinama miaka tisa, hicho kitanda kina mvungu gani? Akacheka. Mimi sikucheka.

Nikueleze kitu kimoja cha kazi yangu, kwa sababu haya yote yamesimama juu yake. Karatasi yoyote ya ofisi ina kumbukumbu yake pale juu. Unaanza na herufi za jina la mwenye maneno, herufi kubwa. Unaweka mkwaju, kile kistari kilicholala upande. Halafu unaweka herufi zako wewe mpiga chapa, ndogo. Nilifundishwa hivyo na mama mmoja mkali aliyetupiga vidole kwa rula, na sijawahi kukosea. Ripoti za Munyao, kwa kuwa alizileta kwa mkono wake, niliziandika JM/ta. Mwandiko ulikuwa wa Ngendo, nami niliujua. Lakini nikaandika JM miaka saba, na hiyo ni hatia yangu mimi.

Mwaka wa tisini na tano ripoti ilikuwa kavu sana, kwa sababu semina yenyewe ilikuwa kavu. Ngendo akaona aibu kuituma vile, akaongeza kurasa mbili za darasa lake la soko. Kumbe Nairobi kulikuwa na mtu anayesoma ripoti. Nani alijua? Sisi tulidhani zinafungiwa karanga.

Julai iliyofuata ikaja barua kutoka kwa Bi Nakhumicha, mratibu wa mafunzo. Alimsifu Bwana Munyao kwa kazi yake ya sokoni, akamwomba aje Ruiru mwezi wa Agosti kama mkufunzi, awafundishe walimu arobaini namna alivyofanya. Ukurasa wa pili ulikuwa na jambo zito zaidi. Kuanzia Januari kungekuwa na mtaala mpya wa Siasa na Serikali, na mwalimu asiye na cheti cha semina hii ya Ruiru hataruhusiwa kuufundisha. Kila chuo kilipewa kiti kimoja, na mkufunzi hahesabiwi.

Munyao alisoma barua mara tatu akiwa amesimama mbele ya meza yangu, na Julai ya Thika ina baridi, lakini paji lake lilikuwa linang'aa kwa jasho. Akamwita Ngendo. Nimeshakwambia mlango haukufunga. Mapatano yao niliyasikia yote: Ngendo amwandikie mada nzima, neno kwa neno, naye atamteua kukaa kwenye kile kiti. Fomu ya kuthibitisha kuwa amehudhuria na kwamba ni mwalimu wa somo ataitia sahihi Ijumaa ya mwisho, semina ikiisha.

Ngendo alitoka huko akanishika mikono yote miwili. Sikuwahi kumwona hivyo. Alisema bila kile cheti Januari hana darasa, na asiye na darasa mkataba wa kumi haandikiwi, na Wangeci ataacha shule akae nyumbani amwangalie machoni. Sasa amepata kiti. Mwanamke yule alifurahi kupewa kitu kilichokuwa chake tangu mwanzo. Nilimfurahia pia, nitafanyaje.

Aliandika majuma matatu. Alipompa Munyao kurasa, Munyao alikata sehemu moja tu, ile ya mama wa kabeji aliyekataa matokeo. Alisema itaonekana kama tunafundisha watu fujo, na uchaguzi mkuu uko mwakani. Ngendo akamwambia hiyo ndiyo mada yenyewe, hayo mengine ni mkebe tu. Munyao akasema toa. Akatoa.

Wiki ya mwisho Munyao alikwenda kwao Kitui kwa mazishi, kwa hivyo kurasa safi Ngendo aliniletea mwenyewe. Niliweka stensili, ile karatasi ya nta ya kurudufia, kwenye mashine, nikaanza kwa kumbukumbu kama kawaida. Mbele yangu alikuwa amesimama mwenye maneno, na maneno yake mkononi. Vidole vyangu vikaandika NC/ta. Sikuwaza lolote, kazi ni mazoea.

Niligundua nikiwa ukurasa wa tatu. Ile rangi nyekundu ya kurekebishia stensili ilikuwa palepale kando ya mkono wangu, na kazi hiyo ni ya nusu dakika. Niliishika chupa. Nikaiweka chini. Wallahi nasema kweli, kuandika lilikuwa kosa, lakini kuacha sikukosea, niliacha makusudi. Nikarudufu nakala hamsini, nikazifunga kwa uzi. Munyao aliporudi hakuziangalia juu, alihesabu kurasa tu.

Waandalizi waliomba karani wa kupiga chapa maazimio ya vikundi, nikaazimwa kwa wiki nzima. Ndiyo maana nilikuwepo Ruiru, nimekaa na taipureta yangu kwenye kona ya ukumbi, nyuma ya piano iliyoharibika. Walimu walitoka Kahawa, Juja, Murang'a, na mbali zaidi. Jumatatu tuliomba, tukajitambulisha, tukaandika matarajio yetu kwenye karatasi kubwa ukutani. Ngendo aliandika, kwa mwandiko wake mdogo, kwamba anatarajia kuuliza maswali. Alikaa mstari wa pili na kibandiko cha jina kifuani, na kila mkufunzi akizungumza yeye alikuwa anaandika. Wakati wa chai alikuwa anabishana na kijana mmoja wa Kahawa Sukari, Mwalimu Wamalwa, kuhusu katiba, chai inapoa mkononi. Nilimtazama nikasema moyoni, ona mtu huyu amenyimwa nini.

Bi Nakhumicha alikuwa mama mnene wa miaka kama hamsini na mitano, miwani imefungwa kwa mnyororo. Siku hiyo ya kwanza alitoa onyo. Alisema mwaka uliopita chuo kimoja kilileta dereva akae kwenye kiti cha mwalimu, na kingine kilileta mpwa wa mkuu. Safari hii, akimpata mtu asiye mwalimu, hampi cheti, na asimlilie. Watu wakapiga makofi. Ngendo alipiga kuliko wote.

Jumatano asubuhi ikawa zamu ya Munyao. Alivaa suti ya kijivu. Karatasi ziligawiwa, naye akaisoma mada vizuri, sauti yake ni nzito na inakaa vyema ukumbini. Watu walicheka pale pa mkebe wa mafuta. Walinyamaza pale pa kina mama waliozoea mlolongo wakisema kura ya siri ni ya watu waoga. Nilimwona Ngendo akisogeza midomo, anasema naye pole pole bila sauti.

Ndipo Wamalwa akanyoosha mkono. Akauliza swali fupi: je, aliyeshindwa akikataa matokeo, mwalimu anafanya nini na darasa lake?

Munyao akafungua ukurasa wa nne, akafunga. Akasema hilo ni swali zuri. Akasema inategemea. Akaanza kusema habari za mazingira, na namna soko lilivyo karibu na barabara, na mimi huko nyuma ya piano nikajua tumefika Mto Chania. Kisha akamwangalia Ngendo. Ngendo akaangalia karatasi yake.

Bi Nakhumicha alikuwa meza ya mbele, miwani imeshuka puani. Alikuwa haangalii ukurasa wa nne, alikuwa anaangalia wa kwanza, pale juu kabisa.

"Bwana Munyao," alisema, "NC ni nani?"

Munyao hakuelewa. Alipoonyeshwa, akacheka, akasema hizo ni alama za karani tu. Bi Nakhumicha akamjibu taratibu kwamba yeye amekaa ofisi za serikali miaka ishirini na sita. Karani huandikwa nyuma, herufi ndogo. Anayeandikwa mbele kwa herufi kubwa ni mwenye maneno. Akanyanyua macho, akaanza kusoma vibandiko vifuani mwa watu, mstari wa kwanza, halafu wa pili, na jicho likatua.

"Mwalimu Ngendo Chege, simama. Karatasi hii umeandika wewe?"

Mimi niliacha taipureta, nikasema moyoni, sema. Sema, Mama Wangeci. Miaka saba unatafuta mtu akuulize swali hili, sasa umeulizwa mbele ya watu arobaini.

Ngendo alisimama. Alimtazama Munyao, na Munyao alikuwa amemkazia macho, kalamu ikiwa kwenye mfuko wa koti, ile ile kalamu ya Ijumaa.

"Hapana," alisema. "Mimi nilisaidia kupiga chapa tu."

Bi Nakhumicha akamshukuru, akamwambia aketi. Kisha akaandika kitu katika daftari lake, mstari mmoja, na kikao kikaendelea. Wamalwa hakujibiwa swali lake.

Chakula cha mchana nilimfuata mpaka kwenye bomba la maji nje. Nilimwambia maneno ambayo leo siyarudii yote. Nilimwambia ameniaibisha, kwa sababu nilikuwa nimemfungulia mlango akaufunga kwa mikono yake mwenyewe. Hapo ndipo alipojua ile NC haikuwa bahati mbaya. Akaniangalia kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Ulijua," alisema. "Ulijua na hukuniambia? Fomu yangu bado iko mfukoni mwake, Tausi. Ningesema ndiyo, Ijumaa nani angeitia sahihi?"

Hasira yangu ilikuwa na haki na hofu yake ilikuwa na haki, na maji yalikuwa yanamwagika tu pale bombani. Akanawa mikono, akaniambia tuvumilie, ni siku mbili tu zimebaki. Tangu hapo sijawahi kulipenda neno hilo, kuvumilia.

Ijumaa saa nane mchana vyeti vilipangwa mezani. Majina yaliitwa kwa mpangilio wa alfabeti. Ikapita A, ikapita B. Chege haikuitwa. Ngendo alikaa wima, nadhani alijiambia kwamba wametumia jina la kwanza. Ikafika N. Wakaitwa watu wawili, Ngendo hakuwa mmoja wao. Ikafika W, Wamalwa akachukua cha mwisho, na meza ikabaki na kitambaa chake cheupe.

Ngendo akaenda mbele. Alizungumza chini chini, lakini ukumbi ule unabeba sauti. Bi Nakhumicha hakuwa na ubaya, na hilo ndilo linaniumiza zaidi. Alisema kwa upole kwamba Jumatatu alionya kuhusu watu wasio walimu wanaowekwa kwenye viti vya walimu, na Jumatano alisikia kutoka kinywani mwa Ngendo mwenyewe kwamba yeye ni mpiga chapa.

"Mimi ni mwalimu," Ngendo akasema. "Nimefundisha Siasa miaka tisa."

"Basi ni rahisi." Bi Nakhumicha akageuka. "Mkuu wa idara, huyu ni mwalimu wa somo hili kwenu?"

Munyao alikuwa amesimama na fomu mkono mmoja na kalamu mkono wa pili. Nilimwona akifikiria, na nilijua anafikiria nini, kila mtu mwenye akili angejua. Akisema ni mwalimu, basi NC si karani, na kama NC si karani, mada ni ya nani? Aliangalia dari kidogo, vile vile alivyoiangalia kwa barua zote zile.

"Anatusaidia kazi za ofisi," alisema.

Nikasimama. Nilijigonga goti kwenye piano, nikasimama hivyo hivyo. Nikasema kwa sauti kwamba ta ni mimi, Tausi Ali, na karatasi ile imeandikwa na huyu mama, na ripoti zote za miaka saba zimeandikwa na huyu mama, na mama wa kabeji alirudi sokoni kwa sababu ya huyu mama. Nilisema mpaka pumzi ikaisha.

Bi Nakhumicha alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, bila hasira, "Jumatano nilimwuliza yeye mwenyewe. Sasa nimwamini nani, yeye wa Jumatano au wewe wa leo?"

Sote tukamwangalia Ngendo. Angeweza kusema alidanganya Jumatano. Lakini mtu aliyesimama mbele ya wenzake arobaini akisema mimi ni mwongo, niaminini, atasemaje? Munyao akaikunja ile fomu mara mbili, akaitia mfukoni. Bi Nakhumicha akasema chuo kikileta barua ya mkuu wa idara yeye yuko tayari kuangalia tena, na akaanza kukunja kitambaa.

Barua hiyo Ngendo aliifuata Septemba. Munyao akamwambia wacha mambo yapoe kwanza. Oktoba akamwambia amesahau. Novemba alikuwa safarini, kwenye semina. Mimi nilikwenda kwa mkuu wa chuo mwenyewe, na karani haendi kwa mkuu wa chuo kusema mambo ya walimu, lakini nilikwenda. Akaniambia mambo ya semina ni ya idara, na kama nimechoka na kazi niseme. Nikarudi kwenye meza yangu. Sikujiuzulu. Ningekwambia nilijiuzulu ungenisifu, lakini nilikuwa na mama mgonjwa, nami pia najua kuinama.

Januari mtaala mpya ukaanza. Darasa la Ngendo likapewa Munyao, mwenye vyeti vinane. Mkuu wa chuo, mtu wa huruma sana, akasema mama yule asitupwe nje, si amesikia kutoka Ruiru kwamba anasaidia kazi za ofisi? Wakaingiza meza ya pili kwenye chumba changu na taipureta ya zamani yenye herufi R inayokwama. Mkataba wa kumi ukaandikwa, kazi ya karani wa chapa. Ngendo akautia sahihi kwa ajili ya Wangeci.

Alikuwa anapiga kwa vidole viwili. Wanafunzi wake walikuja dirishani. Mmoja, Jackie, msichana mwenye mdomo, alimwuliza, "Mwalimu, mbona uko huku? Huyu msee wa Jiografia anatusomea tu." Ngendo akamwambia arudi darasani na awe na adabu. Jackie alikuwa ameshika nakala ya ile mada ya Ruiru, Darasa la Soko. Munyao alikuwa anaitumia kama noti.

Mwezi wa pili Munyao akatuletea ripoti yake ya ile semina ya Novemba. Safari hiyo aliiandika mwenyewe, kurasa mbili, kwa sababu sasa aliona aibu kumpa Ngendo. Akaiweka kwenye meza ya karibu na mlango bila kuangalia nani amekaa pale. Alikuwa amekaa Ngendo.

Aliisoma yote kwanza. Nilimwona akishika kalamu ya risasi, akasahihisha tarehe ya uchaguzi mahali fulani, halafu akalifuta sahihisho lake na kuacha kosa kama lilivyo. Akaingiza karatasi kwenye mashine. Akapiga J, akatafuta M, akaipiga, akapiga mkwaju, akasimama hapo vidole viwili vikiwa hewani.

Akaniuliza herufi zake zinakaa wapi. Nikainuka, nikamwonyesha.